Korongo Mweupe na Bunduki ya Bata: Sheria ya Viumbe Adimu Inavyobadili Uwindaji wa Ndege Kansas

Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka huandikwa kwa ajili ya kiumbe mmoja, lakini hutekelezwa kwenye dimbwi, shamba au msitu ambamo viumbe wengi huishi pamoja, na kwa hiyo humgusa hata mtu ambaye hakuwa na nia yoyote ya kumdhuru kiumbe huyo. Mfano ulio wazi wa jambo hilo unapatikana katikati ya Marekani, katika jimbo la Kansas, ambako kila ifikapo Oktoba na Novemba wawindaji wa bata, bata bukini na korongo wa kijivu hujikuta kwenye vinamasi vilevile na korongo mweupe, ndege mrefu kuliko wote wa Amerika ya Kaskazini na mmoja wa walio wachache zaidi. Uwindaji wa ndege katika jimbo hilo haukupigwa marufuku kwa ajili yake, ila nafasi ya mwindaji imepunguzwa kidogo kidogo: hapa dimbwi hufungwa kwa siku chache, pale saa ya kuanza kupiga imesogezwa mbele, kwingine aina ya risasi imebadilishwa. Kila punguzo la namna hiyo lina sababu yake katika sheria, na kila moja huwaangukia watu fulani kuliko wengine.

Ndege wawili katika njia moja

Korongo mweupe, ambaye ni jamaa wa korongo mwenye taji anayeonekana kwenye bendera ya Uganda, husimama kwa kimo cha karibu mita 1.5, na akikunjua mabawa upana wake huzidi mita 2. Mwili wake ni mweupe kabisa isipokuwa ncha nyeusi za mabawa na doa jekundu utosini. Kukaushwa kwa vinamasi ili kupata mashamba, pamoja na kupigwa risasi ovyo katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kulimfikisha ukingoni, kiasi kwamba mwaka 1941 walikuwa wamebaki porini ndege wapatao 20 tu. Kundi lililonusurika lilikuwa lile linalopitisha majira ya baridi katika Hifadhi ya Aransas, kwenye pwani ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1937. Mahali linapozalia hapakujulikana hadi mwaka 1954, viota vilipogunduliwa ndani ya Hifadhi ya Wood Buffalo, kaskazini mwa Kanada. Kati ya sehemu hizo mbili kuna safari ya kilometa zipatazo 4,000, ambayo ndege hao huifanya mara mbili kwa mwaka. Leo kundi hilo lina ndege zaidi ya 500, idadi iliyopatikana baada ya miongo mingi ya ulinzi, ingawa bado ni ndogo kiasi kwamba tufani moja au ugonjwa mmoja ungeweza kuirudisha nyuma sana.

Korongo wa kijivu ana hadithi tofauti kabisa. Naye alikatazwa kuwindwa mwaka 1916, lakini alirudi kwa wingi, na mwaka 1961 uwindaji wake ulifunguliwa tena katika baadhi ya majimbo ya mbuga za kati, Kansas ikifuata mwaka 1993. Kundi linalopita katikati ya bara hilo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na nyama yake husifiwa na wawindaji kwa kufanana na ya ng'ombe kuliko ya kuku. Ugumu unaanzia kwenye mfanano: ndege hawa wawili wana shingo ndefu na miguu mirefu inayonyooka nyuma wanaporuka, hupita katika majira yaleyale, hulala wakiwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, na asubuhi huenda kuokota punje kwenye mashamba ya mahindi na ngano yaliyokwisha kuvunwa. Mara nyingine korongo weupe wawili au watatu husafiri katikati ya kundi la wa kijivu. Kukiwa na mwanga wa kutosha rangi huwatofautisha mara moja, lakini alfajiri, mwanga ukitokea nyuma ya ndege, mweupe na wa kijivu wote huonekana kama vivuli vyeusi.

Vifungu viwili vyenye nguvu tofauti

Msingi wa ulinzi wa korongo mweupe ni Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka, iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 28 Desemba 1973, ingawa ndege huyo alikuwa ameingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1967 chini ya sheria iliyotangulia. Vifungu vyake viwili ndivyo vinavyomgusa mwindaji zaidi, na tofauti kati yake ndiyo inayoeleza mengi ya yanayotokea mashambani.

Kifungu cha 9 kinamkataza kila mtu, awe mtumishi wa serikali au mkulima katika shamba lake mwenyewe, kumtwaa kiumbe aliyeorodheshwa. Kutwaa, kwa maana ya sheria hiyo, ni zaidi ya kuua: ni pamoja na kusumbua, kufukuza, kupiga risasi, kujeruhi, kutega na kukamata. Anayefanya hivyo kwa kujua anaweza kutozwa faini ya hadi dola 50,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Kifungu cha 7 kinaziangukia idara za serikali ya shirikisho pekee, yaani serikali kuu ya Marekani, nacho kinazitaka zihakikishe, kwa mashauriano rasmi na wataalamu wa viumbe, kwamba jambo lolote zinalolifanya, kulifadhili au kuliruhusu halitahatarisha kuendelea kuwepo kwa kiumbe huyo wala kuharibu makazi yake muhimu. Makazi muhimu ni maeneo yaliyotajwa rasmi kuwa ya lazima kwa uhai wa kiumbe fulani, na mwaka 1978 maeneo mawili ya Kansas, vinamasi vya Quivira na Cheyenne Bottoms, yalitajwa kuwa hivyo kwa korongo mweupe.

Kwa kuwa misimu ya kuwinda ndege wahamao hupangwa kila mwaka na serikali ya shirikisho, chini ya sheria ya mwaka 1918 iliyotokana na mkataba wa kulinda ndege hao uliohusu Marekani na Kanada, kuruhusu uwindaji nako ni kitendo cha idara ya serikali. Kwa hiyo msimu wa bata wenyewe hupitia mashauriano ya Kifungu cha 7 kabla ya kutangazwa. Mwindaji anayenunua leseni dukani hauoni mchakato huo, lakini alama zake zimo katika kijitabu cha kanuni anachopewa.

Dimbwi linapofungwa

Quivira ni hifadhi ya taifa ya wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1955, yenye ukubwa wa takribani hekta 9,000, ambamo vinamasi viwili vya maji ya chumvi huvuta ndege wa majini kwa maelfu katikati ya eneo la mbuga kavu na mashamba ya nafaka. Sehemu ya hifadhi hiyo huwa wazi kwa uwindaji, jambo linaloweza kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea hifadhi ya taifa kuwa mahali ambapo bunduki ya mwindaji haiingii kabisa. Katika mfumo wa Marekani hifadhi za aina hii zinaweza kuruhusu uwindaji iwapo haupingani na lengo la kuanzishwa kwake.

Katika Quivira ruhusa hiyo ina sharti moja zito, kwamba korongo weupe wakiwapo, uwindaji husimamishwa. Watumishi wa hifadhi hufuatilia kuwasili kwao, eneo hutangazwa kuwa limefungwa, na mwindaji aliyeendesha gari saa kadhaa, akiwa na mbwa wake, mashua yake na bata wa bandia wa kutegea, hulazimika kugeuza. Kufungwa huko hakuna tarehe ya mwisho iliyopangwa mapema. Korongo hutua kupumzika na kula, kisha husubiri upepo wa kaskazini utakaowasukuma kuelekea Texas. Mara nyingi hukaa siku moja au siku chache, na wakiondoka wote njia hufunguliwa. Hifadhi inaweza kufungwa wakati ambapo bata wanapita kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa msimu, kwa sababu ubaridi na upepo uleule unaowaleta bata ndio unaowaleta korongo.

Utaratibu huu una hasara yake na faida yake. Hasara ni kutotabirika, kwani mtu aliyepata likizo ya siku mbili kazini hawezi kujua kama atakuta lango wazi. Faida ni kwamba zuio linafungamana na ndege wanaoweza kuonekana kwa darubini. Kama serikali ingeamua kufunga vinamasi hivyo kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, bila kujali kama korongo wapo au hawapo, ingekuwa kazi rahisi zaidi kusimamia, lakini wawindaji wangepoteza wiki nyingi ambazo hakuna korongo hata mmoja aliyehitaji ulinzi.

Anayebaki nje ya lango

Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Kansas ni mali ya watu binafsi. Takwimu hiyo hubadilisha maana ya kufungwa kwa dimbwi la umma, kwa kuwa Kifungu cha 7 hufunga mikono ya serikali katika ardhi yake yenyewe, ilhali mwenye shamba jirani hubanwa na Kifungu cha 9 peke yake. Akikwepa kumdhuru korongo mweupe, anaweza kuendelea kuwinda bata katika bwawa lake siku ileile ambayo hifadhi iliyo ng'ambo ya barabara imefungwa.

Matokeo yake ni kwamba mzigo wa ulinzi haugawanyiki sawa. Mwenye ardhi, rafiki wa mwenye ardhi, na mtu mwenye fedha za kukodi haki ya kuwinda katika shamba la mtu hawapotezi mengi. Anayepoteza zaidi ni mwindaji asiye na shamba, kwa kawaida mfanyakazi wa mjini au kijana anayeanza, ambaye vinamasi vya umma ndiyo nafasi yake pekee ya kuwinda ndege wa majini. Jimbo limejaribu kulipunguza tatizo hilo la nafasi kwa mpango ulioanza mwaka 1995, ambamo serikali ya jimbo huwalipa wakulima ili waruhusu watu kuingia kwa miguu na kuwinda katika mashamba yao, na ekari zaidi ya milioni 1 zimeingizwa humo. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mbuga na mabua yanayofaa kwa kware na ndege wengine wa nchi kavu. Kinamasi chenye maji ya kudumu si kitu kinachopatikana kila shambani.

Jambo hilo lina uzito zaidi ukizingatia nani aliyelipia vinamasi vya umma. Tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata wa Marekani aliyefikisha umri wa miaka 16 hutakiwa kununua stempu maalumu ya serikali, ambayo siku hizi huuzwa dola 25, na karibu senti 98 za kila dola hutumika kununua au kukodi ardhi oevu kwa ajili ya hifadhi. Aidha, tangu mwaka 1937 kodi ya asilimia 10 hadi 11 hutozwa kwenye bunduki na risasi, na mapato yake hupelekwa majimboni kwa kazi za wanyamapori. Kwa hiyo korongo mweupe anayelala Kansas mara nyingi hulala katika maji yaliyohifadhiwa kwa msaada wa fedha za mtu anayeambiwa arudi nyumbani. Wawindaji wengine huliona hilo kuwa dhuluma, na wengine huliona kuwa ndilo hasa walilolilipia. Tofauti hiyo ya maoni haijaisha, na huenda haitakwisha.

Saa, jicho na marisau

Mnamo Novemba 2004, katika siku ya kwanza ya msimu wa korongo wa kijivu, wawindaji walipiga korongo weupe wawili karibu na Quivira, na ndege wote wawili hatimaye wakafa. Tukio hilo lilionyesha udhaifu wa kutegemea kufungwa kwa maeneo pekee, kwa sababu ndege hawajui mipaka ya hifadhi na hutoka kila asubuhi kwenda mashambani. Hatua zilizofuata zililenga namna ya kuwinda. Saa ya kuanza kuwapiga korongo ilisogezwa mbele, ili kwamba wakati mwindaji wa bata anaweza kufyatua nusu saa kabla ya jua kuchomoza, mwindaji wa korongo hutakiwa kusubiri mwanga unaotosha kuonyesha rangi. Pia hawezi kupata kibali cha korongo kabla ya kufaulu mtihani wa kuwatambua ndege, ambamo huonyeshwa picha za ndege wanaofanana na kutakiwa kusema yupi ni halali na yupi ni haramu. Vizuizi vya aina hii havimwondoi mtu kwenye ardhi: humwondolea dakika kadhaa za mapambazuko na kumdai jicho lenye ujuzi.

Kizuizi kingine kinahusu kile kinachotoka kwenye mtutu. Bunduki za kuwindia ndege hurusha marisau, yaani chembe ndogo za duara zinazotawanyika, ambazo kwa karne nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Chembe zilizokosa shabaha huzama kwenye tope, na bata, ambaye humeza vijiwe ili firigisi yake isage chakula, huzimeza pamoja na vijiwe hivyo na kupata sumu. Tai anayemla bata huyo, au bata aliyejeruhiwa akatoroka na marisau mwilini, hupata sumu hiyohiyo. Miaka ya 1980 shirika kubwa la uhifadhi la Marekani liliishtaki serikali likidai kwamba kuruhusu marisau hayo kulimdhuru tai mwenye kichwa cheupe, ambaye wakati huo alikuwa analindwa na sheria ya 1973, na kufikia mwaka 1991 marisau yenye sumu yalikuwa yamekatazwa nchi nzima kwa uwindaji wa bata na bata bukini. Wawindaji walilalamika kwamba chembe za chuma zilizochukua nafasi yake ni nyepesi na hupoteza kasi mapema, hivyo wakalazimika kujifunza kumsubiri ndege asogee karibu zaidi. Tai huyo aliondolewa kwenye orodha mwaka 2007, lakini katazo la marisau lilibaki, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuthibitika kuwa na manufaa kwa bata wenyewe na kwa mtu anayekula nyama yao. Matumizi ya marisau ya madini ya risasi katika ardhi oevu yanapingwa pia na Mkataba wa Ndege Wahamao wa Majini wa Afrika, Ulaya na Asia, ambao Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama wake.

Ndege wa kuwindwa anapoingia orodhani

Mifano iliyotangulia inahusu wawindaji wa ndege mmoja kuzuiwa kwa ajili ya ndege mwingine. Hali huwa kali zaidi pale ambapo ndege anayewindwa ndiye anayeorodheshwa. Kusini-magharibi mwa Kansas huishi kuku mdogo wa mbugani, ndege wa kundi moja na kwale, ambaye madume yake hukusanyika alfajiri za machipuko na kucheza ngoma ya kuwavuta majike. Kansas lilikuwa jimbo la mwisho kuruhusu awindwe, na alipoorodheshwa mwaka 2014 msimu wake ulifungwa. Kwa sababu anafanana sana na kuku mkubwa wa mbugani, ambaye idadi yake ni kubwa zaidi na bado anawindwa kwingineko jimboni, eneo hilo lilifungwa kwa wote wawili. Uamuzi wa kumworodhesha ulibatilishwa na mahakama mwaka 2015, ukarudishwa mwaka 2022, kisha mvutano ukaendelea mahakamani. Katika kipindi chote hicho mwindaji wa eneo hilo hakurudishiwa msimu wake.

Hapa ndipo manung'uniko ya wawindaji yanapokuwa na hoja nzito zaidi, kwani kupungua kwa kuku huyo kunatokana hasa na mbuga kulimwa, visima vya mafuta na gesi, nyaya za umeme, uzio unaowaua ndege wakiruka chini chini, na miti inayovamia nyasi. Kuufunga uwindaji ni hatua ya haki kwa spishi ambayo kila mmoja wake ana thamani, na pia ndiyo hatua rahisi kuliko zote, kwa kuwa haimgusi mwenye kisima wala mwenye trekta. Lakini haiwezi kumrudishia ndege nyasi zilizolimwa.

Sheria inapojilegeza kwa makusudi

Watunga sheria walitambua mapema kwamba hofu ya kufungiwa ardhi inaweza kuwafanya watu wamkatae kiumbe asirudishwe kwao. Marekebisho ya mwaka 1982 yaliingiza kifungu kidogo cha 10(j), kinachoruhusu kundi linalorudishwa porini kuitwa la majaribio na lisilo la lazima, maana yake kwamba likipotea, spishi nzima haitatoweka. Korongo weupe waliopelekwa Florida kuanzia mwaka 1993, wale waliofundishwa kuanzia mwaka 2001 kuhama kutoka Wisconsin kwa kufuata ndege ndogo za injini, na wale wa Louisiana walioachiwa mwaka 2011, wote waliwekwa chini ya masharti hayo. Katika maeneo yao msimu wa bata hauvurugwi kwa sababu ya korongo, na ajali inayotokea katika shughuli halali haihesabiwi kuwa kosa, ingawa kumpiga korongo kwa makusudi hubaki kuwa jinai. Ulegevu huo uliwapatia ndege hao wenyeji wasio na kinyongo, lakini haukukomesha risasi: makundi ya Louisiana na Wisconsin yote yamepoteza korongo waliopigwa na watu, mara nyingi wahalifu wasio na leseni wala msimu, ambao hakuna kanuni ya saa au mtihani ingewagusa.

Ukiviweka vizuizi hivi pamoja, hukumu yake hutegemea jinsi kila kimoja kinavyolingana na hatari kinachodai kuizuia. Kufunga dimbwi wakati korongo wamelala humo, kusubiri jua pale ambapo giza ndilo linaloua, na kubadili marisau pale ambapo marisau ndiyo sumu, ni hatua zinazokwenda moja kwa moja kwenye chanzo, na wawindaji wengi wameishi nazo kwa miaka mingi huku idadi ya korongo ikipanda kutoka makumi hadi mamia. Kumfungia mwindaji msimu huku mbuga ikiendelea kulimwa ni kumdai mtu mmoja deni lililokopwa na wengi. Sheria inayotaka kudumu vijijini, iwe Kansas au kwingineko, hulazimika kuwafikia hao wengine pia, na kwa upande wa mwindaji asiye na shamba, kumtafutia dimbwi la pili siku ambayo la kwanza limefungwa.